Mke Wake Hana Habari

Gesti ya nyuma ya soko
3 Machi

Mdogo wangu Pini,

Salamu. Mimi mzima. Mashine ya kusaga ya hapa ilikuwa imekula beringi mbili, na mkanda mwenyewe alikuwa ameuunga kwa kamba ya katani. Nimemaliza leo mchana. Kesho naenda milimani, kuna mashine nne na barabara moja mbovu.

Nimesafisha filamu nyingine. Kamera kampuni ilinipa ya kupigia vipuri vilivyoharibika, lakini njiani kuna vioja ambavyo ukiviacha vipite utajuta. Nimeandika nyuma ya kila picha. Nanakili na hapa, usije ukazichanganya.

Ya kwanza ni mlango. Nyumba ilibomoka kwa mvua, ukabaki mlango na fremu yake katikati ya shamba, hauna ukuta huku wala huku. Mwenyewe kahamia kwa jirani, ila kila asubuhi huja kuufunga kwa kufuli. Nyuma imeandikwa: "Mwizi atajua hajui."

Ya pili ni karakana ya majeneza. Yamepangwa barabarani, na kibao kinasema USIJARIBU BILA RUHUSA. Nyuma: "Likikutosha, umelinunua."

Ya tatu, mbuzi anakula tangazo. Limebaki MBUZI HAWARUHUSI. Nyuma: "Sheria imemwingia."

Msalimie mama mkwe wako. Mbusu Kifaranga. Barua ziendelee kupitia duka la vipuri, wananiletea.

Dada yako,
Nati


Nyumbani
15 Machi

Dada Nati,

Shikamoo. Picha zimefika na zimetuua. Ule mlango Kifaranga kaubandika juu ya kitanda chake, na sasa kila anayeingia chumbani lazima apige hodi kwanza kwenye picha. Hata mama mkwe alitabasamu. Na unamjua mama mkwe: tangu mwanawe apotee, mdomo wake umekuwa wa kunywea chai tu.

Sasa nikwambie la moyoni. Jumapili alikuja Baba Mdogo. Tangu baba mkwe afariki, huyu mdogo wake ndiye msemaji wa ukoo. Hakukaa kwenye kiti. Aliizunguka nyumba akigonga kuta kwa fimbo, kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipomaliza akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Mama Kifaranga," akasema, "mwaka umepita na zaidi. Mwanetu haandiki, hatumi hata salamu. Mwanamume asiyeandika ama amekufa ama ameoa."

"Ama ni mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa ana ndugu. Angewatafuta."

Wameamua kukaa kikao mwisho wa mwezi wa tano. Kama mpaka siku hiyo hakuna habari za mume wangu Kasuku, mimi nirudi kwetu, nyumba ibaki ya ukoo, na Kifaranga akalelewe na mke wa Baba Mdogo, kwa kuwa mtoto ni wa kwao. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, Dada. Ndiyo maana nimeogopa. Angefoka ningejua ni hasira, hasira hupoa.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe unazunguka nchi nzima. Barua ya mwisho ya Kasuku ilitoka kwenye ile karakana ya kuchomelea vyuma. Pita. Uliza. Hata kama ameoa, niambie. Nitaumia, lakini nitajua nasimama wapi.

Na usiache kutuma picha. Siku zinapofika ndiyo siku pekee watu wa nyumba hii wanapocheka.

Mdogo wako,
Pini


Gesti ya milimani
2 Aprili

Mdogo wangu Pini,

Nilipita kwenye karakana. Mwenyewe anasema Kasuku aliacha kazi bila kuaga. Sina zaidi ya hapo. Nitaendelea kuuliza.

Huyo Baba Mdogo usigombane naye. Wala usikubali kitu. Usitie sahihi popote. Mwambie unasubiri.

Nina swali, na usilikuze. Kama Kasuku angerudi lakini si yule aliyeondoka, ungempokea? Sisemi ameoa. Nauliza tu, kwa sababu watu hubadilika wakiwa mbali, na ni vizuri mtu ajue moyo wake mapema.

Picha ni mbili. Moja ni sanamu ya kutishia ndege shambani. Imevishwa suti na tai, mavazi mazuri kuliko ya mwenye shamba, na ndege wamejipanga mikononi. Nyuma: "Meneja akiwahutubia wafanyakazi. Mke wake hana habari."

Nyingine ni ya fundi saa. Duka lake lina saa ukuta mzima, kila moja na majira yake, naye katoa kichwa dirishani anamwuliza mpita njia saa ngapi. Nyuma: "Anazo zote, hajui amwamini nani."

Mashine za huku zina vumbi sana.

Dada yako,
Nati


Nyumbani
11 Aprili

Nati,

Leo sikuamkii.

Nimezitoa picha zako zote nikazipanga mezani, zile za mwanzo na hizi. Nimezisoma nyuma moja moja. Kisha nimekumbuka wewe ni nani. Wewe tangu utoto ukisimulia kichekesho unaanzia mwisho, halafu unaomba radhi. Baba alikuwa akisema nati haina utani, kazi yake ni kukaza. Miezi yote hii nimekuwa nikicheka na kujiambia kwamba barabara imemfundisha dada yangu mzaha. Mjinga mimi.

"Mke wake hana habari." Unajua maneno hayo ni ya nani? Jogoo akipanda juu ya bati: "Huyu kaaga anaenda kazini, mke wake hana habari." Mzee akinunua kofia mpya: "Mke wake hana habari." Kasuku ameyasema maneno hayo gizani, kitandani kwangu, miaka minane. Hakuwa akiyasema mbele za watu. Nieleze basi wewe umeyasikia ukiwa wapi.

Na ile picha ya fundi saa. Itazame vizuri, kama unayo nyingine. Pembeni upo wewe mwenyewe, umeshika spana, unachekea kamera. Nani alishika kamera, Nati?

Unaniuliza kama nitampokea "akirudi si yule aliyeondoka". Ulikuwa unanipima? Ulitaka kujua kama nimeshamwachia ili ulale kwa amani?

Leo nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Haijawahi kunitokea tangu nijue kushika mkasi.

Nijibu kwa maneno, si kwa picha.

Pini


Njiani
20 Aprili

Pini,

Si hivyo unavyofikiri. Naapa si hivyo. Nimefungwa mdomo kwa kiapo na siwezi kuandika zaidi leo. Nipe muda mfupi. Niamini.

Nati


Nyumbani
27 Aprili

Nati,

Muda huna, na mimi sina. Baba Mdogo amekuja tena. Amesikia kwamba fundi seremala wa mtaa wa pili alinitengenezea mguu wa meza bila kuchukua chochote, na tayari amegeuza habari hiyo kuwa posa. Kikao kimewahishwa. Ni Jumamosi tarehe 18 Mei. Mke wa Baba Mdogo amekuja kupima urefu wa Kifaranga, anasema anataka kumtafutia kitanda. Mtoto akasimama wima dhidi ya ukuta, anacheka, anadhani ni mchezo.

Mama mkwe alikuwepo. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Sijui yuko upande gani. Katika nyumba hii sijui tena nani yuko upande gani.

Sikiliza. Kiapo chako kina thamani gani kwangu? Uliapa kwa nani, na kwa nini si kwangu? Kama ifikapo kikao sijapata ukweli, nitasimama mbele ya ukoo wote na kuwaambia mume wangu yuko hai, yuko kwa dada yangu wa tumbo moja. Ndoa itavunjika, lakini na wewe hutakuwa na mlango wa kubisha, hapa wala kwa mama yetu.

Sitaki kuandika hivyo. Nimeandika.

Pini


Imeachwa kwenye kiti cha pikapu
2 Mei

Shemeji Kasuku,

Nakuachia karatasi kwa sababu ukinitazama nitashindwa kusema.

Nimevunja kiapo. Leo asubuhi, ulipokuwa ukisafisha chekeche, nimemwandikia Pini kila kitu, na barua nimeshaitia posta. Usiniulize kama ninajuta. Niliapa kwa kaburi la baba, na nadhani baba angenizaba kofi kwa kuapa kwenyewe, siyo kwa kuvunja.

Wanataka kumtoa nyumbani na kumchukua mtoto. Hilo sikukwambia. Nilikuficha wewe kama nilivyomficha yeye, nikawa ukuta katikati yenu, na ukuta unagongwa pande zote mbili. Nimechoka.

Soma barua zake zote. Nimeziweka chini ya kiti, kwenye mfuko wa beringi. Ukimaliza, ama uandike ama uende. Mimi sitaandika tena kwa niaba yako, hata nyuma ya picha.

Nati


Gesti ya njia panda
2 Mei

Mdogo wangu Pini,

Mumeo yuko hai. Yuko nami, lakini si kwa namna uliyoiogopa. Ni msaidizi wangu wa kazi. Ananishikia taa, ananipimia mikanda. Mimi nalala ndani ya gesti, yeye analala ndani ya pikapu, kwa sababu hataki kuonekana na wenye gesti.

Pale karakana mtungi wa gesi ulilipuka. Wawili walifariki. Yeye aliungua uso upande mmoja, shingo, na mkono wa kulia. Alikaa hospitali miezi mingi. Walipomwuliza ndugu zake akasema hana. Akamsihi mwenye karakana aseme aliacha kazi akaondoka. Yule mtu ndivyo alivyoniambia na mimi, lakini wakati huo nilikuwa nimeshaujua ukweli, na nikakuandikia uongo wake kama ulivyo.

Nilimkuta mwaka jana, mwezi wa kumi. Niliitwa kwenye mashine kubwa ya kusaga, na nyuma ya magunia palikuwa na mtu aliyejifunga kitambaa kichwa kizima, akishona midomo ya magunia kwa mkono wa kushoto. Kutwa nzima hakunitazama. Jioni spana iliteleza ikaniponda kidole, nikatukana. Nyuma ya magunia nikasikia: "Taratibu, Shemeji, kidole hakina spea."

Alikuwa amenitambua tangu asubuhi. Alikaa kimya siku nzima, lakini mzaha ukamshinda. Alipogundua ameropoka aliinuka akakimbia, nikamkimbiza mpaka barabarani na spana mkononi, watu wakadhani ni mwizi. Hapo ndipo aliponiapisha. Alisema nikikwambia, kesho yake atakuwa mahali ambapo sitamkuta. Pini, ungemwona alivyokuwa amekonda, na wewe ungeapa.

Kamera aliichukua yeye. Mimi ningepita hivyo vitu vyote bila kuviona. Mimi naona mashine. Yeye ananigonga bega, "Simamisha, Shemeji, simamisha." Maneno ya nyuma ya picha yote ni yake, mimi ni mwandishi tu. Halafu hukaa anasubiri barua yako. Nilikuwa namsomea zile sehemu mlipocheka. Kuhusu kikao nilikuwa naruka. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikuja.

Nilipokuuliza kama utampokea, swali lile lilikuwa lake.

Ndivyo ilivyo. Kama hutaki kunisamehe usinisamehe, lakini usiende kwenye kikao hicho ukiwa na uongo mdomoni. Yuko hai, hajaoa.

Dada yako,
Nati


Nyumbani
7 Mei

Baba Kifaranga,

Barua ya Dada imefika. Nimeisoma mara moja, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka Kifaranga akaja kunitafuta.

Sitakuandikia maneno matamu. Nilikulilia kama mtu aliyekufa, kisha kama mtu aliyenitoroka, na wakati wote huo ulikuwa ukisomewa barua zangu kwenye pikapu. Umenichekesha mimi na mwanao na mama yako, ukisikiliza tunavyocheka kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Umenifanya nimtukane dada yangu. Hayo yote ninayo, na siku moja tutayahesabu pamoja.

Sasa jambo la haraka. Kikao ni Jumamosi tarehe 18, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Baba Mdogo anasema mtu hayupo. Wewe upo. Njoo useme upo. Kikao hakihitaji sura yako, kinahitaji wewe.

Mama yako sijamwambia. Nilifungua mdomo mara mbili nikaufunga. Akiuliza nitamwambia.

Uliuliza kama nitakupokea. Uliuliza kupitia kwa mtu mwingine, kwa mafumbo. Mimi sijibu mafumbo.

Mama Kifaranga


Kwenye pikapu
12 Mei

Mke wangu,

Huu ni mkono wa kushoto. Uvumilie. Wa kulia haukunji vidole.

Nilikuwa nimeanza barua hii kwa mzaha. Nimeichana. Mara tatu nimeichana.

Nikueleze kwa nini. Siku niliyotoka hospitali nilikaa kando ya barabara nikisubiri gari, uso wazi, bado sijajua kuuficha. Gari moja likapunguza mwendo. Nikadhani ni lifti, nikainuka. Kijana mmoja akatoa kamera dirishani akanipiga. Wenzake walicheka, wakaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakusanya vioja vya safari, kama ninavyokusanya mimi. Picha yangu iko kwenye albamu ya mtu fulani, na sijui nyuma yake aliandika nini.

Hapo ndipo nilipoona siwezi kurudi. Watoto barabarani hukimbia. Sasa fikiria akimbie wa kwangu.

Barua zako zote nimezisoma, hata zile sehemu alizoziruka Nati. Lile la kitanda cha mtoto nimelisoma, nikatoka nje nikazunguka gari.

Nimeambatanisha karatasi kwa Baba Mdogo. Inasema niko hai, sijakuacha, nyumba ni yako na mtoto ni wako. Isome kwenye kikao. Nadhani inatosha. Kuja siwezi. Nimejaribu kujiona nikiingia mlangoni pale, siwezi.

Niwie radhi.

Kasuku


Gesti ya njia panda
14 Mei

Pini,

Nakuandikia haraka, posta inafunga. Shemeji hayupo. Asubuhi nimekuta pikapu tupu. Ameacha kamera, ameacha nguo, ameacha viatu vyake vya kazi. Kachukua kitambaa cha kichwa tu. Nimeuliza stendi, hakuna aliyemwona. Nimeuliza hospitali. Mchana nimeshuka hadi darajani nikatazama maji, na sitaki kukuandikia nilichokuwa nawaza.

Tangu nimwachie zile barua alikuwa hali chakula. Nilisema ama aandike ama aende. Sikumaanisha aende hivi.

Kazi nimesimamisha. Namtafuta. Ukisikia lolote, lolote, nitumie neno.

Nati


Nyumbani
21 Mei

Dada Nati,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 14 imenifikia leo, ikiwa haina kazi tena. Acha kumtafuta. Yuko hapa.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua hujalala.

Jumamosi walifika wote mapema. Wanaume wakakaa viti vya sebuleni, wanawake mkekani. Baba Mdogo alifungua kikao kwa dua, akasema ukoo hauna ugomvi na mimi. Nikampa ile karatasi. Aliiinua juu ili wote waione.

"Mwanetu alikuwa akiandika kama karani," akasema. "Huu ni mwandiko wa kuku. Mama Kifaranga, nani amekuandikia hii?"

"Ni yeye. Mkono wake wa kulia uliungua."

"Uliungua. Na leo umeungua siku ya kikao."

Watu wakaguna. Nikatazama mkekani na kuona mke wa Baba Mdogo ameshamshika Kifaranga mkono. Nilikuwa nimejiandaa kulia, kupiga kelele, kumng'ang'ania mtoto. Sikuwa nimejiandaa kutoaminiwa nikiwa nasema kweli.

Ndipo mtu akabisha mlangoni. "Hodi," akasema. Neno moja tu, na mimi nilijua.

Aliingia amejifunga kichwa kizima, yamebaki macho. Alikuwa amevaa ndala, miguu imejaa vumbi. Baba Mdogo hakusimama. "Hata mimi nikijifunga shuka naweza kuwa mtu yeyote," akasema. "Vua tukuone."

Akaanza kufungua. Ule mkono mbaya ulikuwa unateleza kwenye fundo, ikachukua muda. Sikwenda kumsaidia. Mpaka sasa sijui kama ilikuwa hasira au heshima.

Nami nitakuambia kweli, kwa kuwa nilikudai kweli. Sikumtazama usoni mara moja. Nilianza na ndala. Nikapanda mikononi. Nilipofika usoni nilidhani nimeshajiandaa. Upande wa kushoto ni yeye. Upande wa kulia ngozi imevutika kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto kupita kiasi, sikio halipo, na jicho linafumba nusu. Mwanamke mmoja alitoka nje mbio. Mimi nilibaki, lakini sikubaki kwa ujasiri.

Baba Mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, anachora sakafu kwa ncha ya fimbo. "Mimi mtu huyu simjui," akasema.

Hapo mama mkwe akainuka. Miezi yote ile hajasema neno mbele ya watu. Akaenda akasimama karibu na mwanawe, hakumgusa, akamgeukia Baba Mdogo.

"Umesema humjui, shemeji. Mbona hujamtazama?"

Fimbo ikaacha kuchora.

"Ulitaka ukoo upate uhakika. Uhakika ndio huu, umekuja kwa miguu yake. Inua macho. Ukimtazama, useme mbele yake kwamba mke wake atoke na mtoto wake achukuliwe. Ukiweza kulisema, mimi nitakubali."

Baba Mdogo akainua macho. Alidumu kidogo, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, kisha akayashusha. Mke wake akauachia mkono wa Kifaranga. "Basi," akasema Baba Mdogo, "mwenye nyumba amerudi." Akachukua kofia yake. Chai niliyokuwa nimeandaa haikunywewa na mtu.

Walipoondoka ndipo mama mkwe alipomgusa. Alimshika lile shavu baya kwa kiganja kizima, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kifaranga alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa chumba. Kasuku alimwona, akajigeuza ili abaki na ule upande mzima. Mtoto akazunguka akaja upande wa pili, akasimama pale pale alipokuwa akifichwa.

"Inauma?" akauliza.

"Nikicheka tu."

Akafikiri. "Basi tutacheka kidogo kidogo."

Nilimwuliza jioni kwa nini amekuja, wakati ameandika hawezi. Akasema alipanda lori la mkaa, kisha basi, na kwenye basi kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu safari nzima, ingawa watu walikuwa wamesimama. "Niliogopa watu wa basi," akasema. "Halafu nikakuwaza wewe umekaa peke yako mbele ya Baba Mdogo. Nikaona woga huu ni mdogo."

Analala chumba cha cherehani. Usidhani mambo yamekwisha. Sijamsamehe. Nimempokea. Ni vitu viwili, na wiki hii nimeweza kimoja.

Jana asubuhi alitoka kuota jua uani, na habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Vichwa vikaanza kuchungulia ukutani, kimoja, viwili, vitano. Nikamwona anainuka kurudi ndani, mkono umeshaenda kwenye kitambaa. Niliingia ndani, nikashika cherehani, wewe unaijua ilivyo nzito, nikaiburura mpaka uani, nikaiweka kando ya kiti chake. "Kaa," nikamwambia. "Nishikie hiki kitambaa kisiburuzike." Akakaa. Nikaanza kushona.

Jirani wa ng'ambo aliingia kabisa, anajifanya kapotelewa na kuku.

"Umeniletea nini cha kushona, jirani?" nikamwuliza, macho yangu kwenye sindano.

"Mimi? Hapana, nimepita tu kusalimia."

"Basi msalimie."

Ikabidi amtazame. "Habari za siku nyingi, Baba Kifaranga," akasema. Naye akajibu, "Nzuri, jirani. Kuku wako ana rangi gani, tumtafute?" Yule mama akacheka kabla hajajizuia, akaona aibu, akaketi. Alikaa mpaka jua likawa kali, na alipoondoka aliacha gauni la kupunguzwa.

Walikuja wengine. Baadhi walitazama vibaya, nami niliwatazama vile vile. Asubuhi nzima alinishikia kile kitambaa, hakukiachia.

Kesho nitaitoa tena cherehani. Wewe funga kazi uje. Una kesi ya kujibu kwangu, na mimi nina neno la kukuambia, Dada, ambalo siwezi kuliandika. Kitanda chako nimekitandika.

Mdogo wako,
Pini